Sahani Moja, Siku Mbili

Nilikuwa nimepiga magoti uani kwa mama Asnath, napima kwa utepe wa fundi cherehani umbali kutoka kwenye mguu wa kigoda hadi ukingoni mwa sahani. Sentimita arobaini na mbili. Niliandika kwenye daftari, nikazungushia chaki kila mguu wa kigoda, kisha nikahamia upande wa pili, ambako Alphonce angekaa. Mlenda ulikuwa tayari kwenye bakuli. Unga wa ugali ulikuwa umeshachekechwa. Peniel, mpiga picha wetu, alikuwa ameshafunga kamera kwenye stendi na sasa anaifunika kwa kitenge, maana upepo wa Ulemo mwezi wa saba hubeba vumbi jingi.

Ilikuwa saa nane mchana. Tulikuwa tunasubiri saa kumi na dakika ishirini, jua linapoingia uani kwa ubavu na mvuke wa chakula kuonekana.

Pikipiki ilisimama nje ya uzio wa minyaa. Belinda alishuka kwanza, akaingia na kutusalimia, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Alphonce alibaki nje. Niliona kofia yake juu ya minyaa.

"Ingia, bwana," nikamwambia. "Shati lako liko hapa."

"Nipo hapa hapa."

"Hapo si unapigwa na jua?"

"Nimezoea jua."

Mama Asnath alikuwa amekaa kwenye kigoda changu cha alama, amevaa tayari nguo za kuigizia. Aliposikia ile sauti alinyanyuka, akavuta khanga hadi usoni, akaingia ndani na kurudishia mlango.

Redempta, mwongozaji wetu, aliutazama mlango, halafu akaitazama kofia.

"Alphonce," akaita. "Mmegombana?"

"Na nani?"

"Na mama."

"Dada Redempta, nitagombanaje naye? Huyo ni mkwe wangu."

Peniel aliacha kufunika kamera. Mimi nilitazama daftari langu, na hapo ndipo nilipoliona kosa, ingawa halikuwa limeandikwa popote.

Kampuni yetu inaitwa Minyaa Filamu na ina watu watatu. Redempta, mzaliwa wa Mwankoko, anaandika hadithi na kuongoza. Peniel anashika kamera na sauti. Mimi, Shukuru, ninaweka kumbukumbu. Naandika mkono gani ulishika kikombe, kifungo gani kilikuwa wazi, kivuli kilifika wapi, ili tukirudi kupiga kilichobaki, mtazamaji asijue kwamba kati ya swali na jibu miezi mitatu imepita. Hakuna aliyetufundisha. Redempta alijifunza kwa kutazama filamu sauti ikiwa imezimwa, anahesabu kwa vidole kila picha inapobadilika. Mimi nilikuwa natengeneza simu kwenye kibanda karibu na reli, Manyoni, na nilizoea kukumbuka kila skrubu ilitoka wapi.

Hatuna mfadhili. Filamu yetu ya kwanza ndefu, *Sahani ya Bati*, ni ya watu mia mbili thelathini na mmoja. Tulitembeza kadi kama zile za michango ya harusi, kwa sababu ndizo watu wa kwetu wanazozielewa. Wengi walituma kidogo kidogo kwa simu. Wengine walitoa debe la alizeti wakati wa mavuno. Hirji, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Singida, alitupa taa mbili na waya wa mita hamsini. Wote wamo kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Wenye Filamu. Redempta aliwawekea humo orodha ya matukio thelathini na moja pamoja na ahadi moja: hakuna tukio litakaloondolewa wala kugeuzwa bila wenye filamu kuulizwa. Likikamilika, naweka alama ya vema. Siku hiyo alama zilikuwa thelathini.

Lililobaki lilikuwa ndilo lenye jina la filamu. Mama na mwanawe, ambao wamenuniana tangu mwana alipouza jembe la kukokotwa na ng'ombe, wanakaa chini na kula kwenye sahani moja. Hawaombani msamaha. Wanakula tu. Redempta aliliona tukio hilo kichwani kabla hajaandika mengine yote. Katikati yake alitaka picha moja isiyokatika, mikono miwili, sahani moja.

Mchango ukija kidogo, tunapiga kidogo. Tulianza kupiga miezi kumi na minne iliyopita. Katika miezi hiyo Belinda, kitinda mimba wa mama Asnath, ndiye aliyetupikia, na Alphonce, fundi ujenzi wa Kiomboi anayeigiza yule mwana, alikuwa wa kwanza kufika kupanga vyombo na wa mwisho kuviosha. Tungepata michango yote kwa mkupuo, tungemaliza kwa wiki tatu na asingepata muda. Lakini alipata. Alileta posa, akatoa mahari, na mwezi wa sita akaoa. Sisi wote tulichangia. Peniel alipiga picha za harusi bure. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Nilikuwa na madaftari mawili kwenye mkoba, la harusi na la filamu, na sikuwahi kuyafungua pamoja.

Redempta alikwenda kwenye uzio.

"Sasa, Alphonce. Hili si ni kuigiza tu?"

"Na ugali ni wa kuigiza?"

"Ugali ni ugali."

"Basi nitakuwa nimekula."

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilidhani mmeshalipanga. Nyie ndio mna orodha."

Alirudi akasimama mbele ya mlango. "Mama Belinda. Shikamoo tena."

"Marahaba, mwanangu," sauti ilitoka dirishani.

"Naomba unieleweshe. Sisi tumekulia mjini."

"Mimi nilijua unajua. Siku ya posa ulikaa mstari wa mbele unapiga vigelegele."

"Nilipiga vigelegele. Sikufikiria ugali."

Tulimsikia akicheka kidogo. Alieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwa ukoo wao, mkwe haoni mdomo wa mama mkwe wake ukitafuna, na mama mkwe haoni wa mkwe. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, wala hawaitani kwa majina. Anapozaliwa mtoto wa kwanza, mkwe huleta mbuzi, na kuanzia siku hiyo mambo hulegea kidogo.

"Na mbuzi akiletwa leo?" Redempta aliuliza. "Tutamtafuta hata kwa kukopa."

"Mbuzi bila mtoto ni nyama tu."

Peniel na mimi tulijikuta tumemgeukia Belinda, aliyekuwa amesimama kizingitini.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mwezi mmoja tu, jamani."

Sikuona mtu wa kumlaumu. Alphonce alikuwa sahihi, mama Asnath alikuwa sahihi, na Redempta naye hakuwa ameomba jambo baya. Nilichotaka kujua ni kama kuna mahali ambapo wote watatu wangeweza kusimama.

Redempta alikaa kwenye sanduku la kamera, akawatumia wenye filamu ujumbe wa sauti. Hakuficha kitu. Alisema tulivyosahau, tulivyokwama, na kwamba maonyesho ya kwanza tuliyoahidi Nduguti yalikuwa yamebakiza siku kumi na tisa. Majibu yakaanza kuingia. Tulizisikiliza zile sauti simu ikiwa juu ya kinu, na Belinda akawa anakwenda uzioni kumsimulia mumewe kila jibu.

Wa kwanza alikuwa mzee Mughwai wa Nduguti, aliyetoa madebe matatu ya alizeti na kwa hiyo huongea kwa nafasi. "Tafuteni mama mwingine," alisema. "Wanawake ni wengi."

Nilifungua daftari. Mama Asnath alionekana kwenye matukio ishirini na mbili. Nikaandika hivyo kundini.

"Basi badilisheni mwisho," alisema Jenifa, muuguzi wa Itigi. "Wakumbatiane, yaishe."

Mtu asiyejitaja jina akamjibu: "Kumkumbatia mkwe? Afadhali ugali."

Kicheko cha Alphonce kilisikika kutoka nje ya minyaa. Hata dirishani nilisikia mtu anakohoa.

Kisha akaingia Hirji, kwa sauti yake ya upole. "Jamani, naomba kuuliza, sitaki kuharibu. Anayekula pale ni Alphonce, au ni yule kijana wa kwenye hadithi?"

"Mdomo ni wa nani?" Mughwai akauliza.

"Wa Alphonce."

"Umejijibu."

"Na tumbo?"

"Tumbo pia ni lake. Wewe Hirji unataka nini?"

"Nataka kuelewa tu, mzee. Marehemu mama yangu, Maniben, alikaa nyumba moja na baba mkwe wake miaka ishirini na mbili. Akipita mzee, mama anashusha mtandio usoni. Siku moja nilimuuliza, je, mzee akiwa kwenye picha ukutani? Akasema sijui, ngoja nifikirie. Alifariki hajanijibu. Ndiyo maana nauliza."

Nadhani kila mtu alikuwa anaifikiria ile picha ukutani.

Saa tisa na robo. Kivuli cha ghala kilikuwa kimefika kwenye alama yangu ya kwanza ya chaki. Dirisha likafunguka kidogo.

"Shukuru," mama Asnath aliita. "Ile siku ya barabarani, nilipokuwa namfokea mwanangu, yeye alikuwa wapi?"

Nilitafuta. "Tukio la tisa. Alikuwa Kiomboi, anamalizia lenta ya nyumba."

"Na mimi nilikuwa namfokea nani?"

"Kijiti, mama. Tulisimika kijiti chenye kitambaa, usawa wa macho yake."

"Na mlipotuonyesha kwenye kompyuta, nilikuwa namfokea Alphonce."

"Ndiyo."

"Basi leo kwa nini nisile na kijiti?"

Redempta aliinua uso. "Ile ilikuwa maneno, mama. Hii ni mikono. Nataka mikono yenu iingie kwenye sahani pamoja."

"Mikono tu? Si nyuso?"

"Katikati ya tukio ni mikono tu. Nyuso zinakuja baadaye, mmoja mmoja."

"Na mkono wangu, ukiwa peke yake, utajulikana?"

Nilisoma kwa sauti. Mkono wa kulia. Vidole virefu, kidole cha mwisho kifupi kuliko kawaida. Bangili nyeusi. Kovu la mundu chini ya kidole gumba, limepinda kama mwezi mwandamo.

Mama Asnath alitoa mkono dirishani. Belinda alikuwa amesimama hapo chini. Bila kuambiwa, akanyoosha wake, akauweka kando ya wa mama yake. Tulisogea wote kutazama. Vidole vilikuwa vilevile, hata kile kifupi.

"Kasoro kovu," Belinda alisema.

"Kovu tutachora," Peniel alisema.

Nikaona njia yote ilivyo, hatua kwa hatua, kama simu iliyofunguliwa juu ya meza. Leo tungempiga mama Asnath, na mkono wa mwanawe ungekuwa wangu, ndani ya mkono wa shati la Alphonce. Kesho tungempiga Alphonce, na mkono wa mama ungekuwa wa Belinda. Ile picha ya mikono miwili kwenye sahani moja ingekuwa ya mume na mke, ambao hula pamoja kila siku ya Mungu.

Belinda alikimbia uzioni kupeleka habari. Alirudi akiwa amekunja uso.

"Anauliza, na watu wakiona?"

"Wakiona nini?"

Alphonce alijibu mwenyewe, kwa sauti ya kutosha kufika kwetu na si zaidi. "Dada, picha haina maelezo. Mtu wa Nduguti ataniona natafuna mbele ya mkwe wangu. Mimi niko Kiomboi, siwezi kumjibu. Huyo naye atamsimulia mwingine. Na mama anaishi hapa, anaimba kwaya hapa. Watamwambia nini?"

Mama Asnath alisogea dirishani.

"Hapo ana haki," alisema. "Mimi nataka kumaliza. Nimefanya matukio ishirini na mbili, sikuacha hata moja. Lakini sitaki kuonekana nimekosa adabu kwenye jambo ambalo sikulifanya. Watu waambiwe."

Redempta alinyanyuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimwacha kwanza. Nilipoona anakawia nilimfuata, nikamkuta amekaa juu ya jabali, anatazama chini kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua ya alizeti yamesimama bila vichwa.

"Nikiwaambia," alisema, "watakaa pale wanatafuta mkono wa Belinda. Hawatamwona mama na mwanawe. Miezi kumi na minne, halafu mwisho wetu uwe kitendawili."

"Inawezekana."

"Wewe unaonaje?"

"Sijui. Sijawahi kuwatazama watu wanaojua wakitazama."

"Wala mimi." Aliokota kijiwe, akakigeuza. "Mtu akijua namna ilivyofanywa, bado inamwingia?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Kisha nilifungua daftari, nikamwonyesha ukurasa. Tukio la kumi na nne, mama anapata habari kwamba jembe limeuzwa. Mwandiko ni wangu: *kitunguu nusu, jicho la kulia, sekunde kumi.*

"Kitunguu nilikishika mimi," nikamwambia. "Nilihesabu sekunde. Ulipoliunganisha na kutuonyesha, nililia."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Halafu alicheka, akatupa kijiwe chini ya jabali.

"Mtu mmoja," alisema. "Tena wewe. Bado sina uhakika."

"Siku kumi na tisa zijazo tutakuwa nao mia mbili thelathini na mmoja."

Alirudi kwenye kinu, akachukua simu. Aliwaambia wenye filamu kila kitu: kwamba Alphonce na mama Asnath hawatakaa kwenye sahani moja leo wala kesho, kwamba mmoja hatakuwepo mwenzake akila, kwamba sahani itaoshwa katikati, na kwamba mikono mingine itakuwa ya watu wengine, akiwemo Belinda. "Ninyi ndio wenye filamu," alisema. "Mtu yeyote akimnyooshea kidole mama huyu, au mkwe wake, ninyi ndio mtakaosema mlijua. Kama hamko tayari kulisema hilo, niambieni sasa, tusipige."

Mzee Mughwai alirekodi kitu akakifuta, akarekodi tena.

"Tumesikia," alisema. "Mimi Nduguti nitasimama kabla taa hazijazimwa na kulitangaza. Kama ningekuwa mchangiaji wa harusi ningekula pilau nikaenda zangu. Hii naona ni kazi zaidi."

Waliofuata waliandika neno hilohilo, *tumesikia*, mmoja baada ya mwingine, mpaka simu ikateleza kwenye kinu kwa kutetemeka.

Hirji alikuwa na swali. "Dada Redempta, naweza kuambiwa mkono upi ni wa Belinda?"

"Hapana, kaka Hirji. Nimewaambia kwamba hawakula pamoja. Hilo lingine litafuteni wenyewe."

"Sawa," Hirji alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi.

Nje ya uzio, Alphonce aliwasha pikipiki. Kabla hajaondoka alimwita Redempta. "Na siku ya maonyesho, likifika tukio la mwisho, mimi nitatoka. Nitasimama nje."

"Hutaona mwisho wa filamu yako?"

"Mke wangu atanisimulia."

Alikwenda kwenye maduka ya barabarani, kama tulivyokubaliana, na asingerudi hadi apigiwe simu. Mama Asnath alifungua mlango, akatoka, akashusha khanga mabegani. Aliosha mikono, akasonga ugali mwenyewe. Saa kumi na dakika kumi na nane alikaa kwenye kigoda, ndani ya alama zangu.

Mimi nilivaa shati la Alphonce. Lilinibana begani, lakini kamera ilitaka mkono tu. Nililala ubavu, uso nimeuelekeza chini karibu kugusa ardhi, mkono wangu umeinuka hadi kwenye sahani. Juu yangu Peniel alikuwa ameshasimika kijiti chenye kitambaa, usawa wa macho ya Alphonce akiwa amekaa.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Kumbukumbu zangu zote zinasema kijana wa kwenye hadithi hula kwa mkono wa kulia, kama watu wote. Nilikata tonge, nikalichovya kwenye mlenda, nikavuta. Mlenda ulivutika kutoka kwenye bakuli hadi kwenye sahani, kutoka kwenye sahani hadi kwenye shati.

"Shukuru," mama Asnath alisema bila kugeuza uso, "unachota kama unachimba choo."

Peniel alisimamisha kamera kwa sababu ilikuwa inatikisika kwa kicheko chake. Tulipangusa, tukarudia. Mara ya pili niliwahi mno, tonge langu likaingia kabla ya lake, na Redempta hakupenda. "Mwana anamsubiri mama," alisema. "Amekosa. Anasubiri."

Mara ya tatu nilisubiri. Nilimsikia akimega, nikasikia bangili ikigusa bati. Nilipeleka mkono. Nikakata tonge dogo. Halafu kikatokea kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa. Nilisikia bakuli la mlenda likisogea, ukingo wake ukagusa vidole vyangu. Alikuwa amelisukuma upande wangu, kidogo tu, kama upana wa vidole vitatu. Nilichovya. Nilitamani kuinua uso nione anakitazamaje kile kijiti, nilitamani sana, lakini uso wangu ulipaswa kubaki chini, nikabaki naiona ardhi na mguu wa kigoda ndani ya duara la chaki.

"Basi," Redempta alisema, kwa sauti ndogo. Hakuomba turudie.

Jua lilikuwa limeshauacha uwanja. Mama Asnath alinyanyuka, akapangusa goti. "Kile kijiti kina adabu kuliko wengi," alisema. Peniel akaanza kukunja waya.

Mimi kazi yangu ndiyo ilikuwa inaanza. Niliipiga picha sahani kutoka juu na kutoka ubavuni. Nilipima urefu wa ugali uliobaki, nikachora umbo lake, pamoja na mahali pa matonge sita, matatu ya mama na matatu ya mwana. Nilipima bakuli lilipofika baada ya kusukumwa, sentimita sita, na nikaandika pembeni: *si mwandishi, ni yeye.* Kesho Belinda angelazimika kulisukuma vivyo hivyo, kwa mkono uleule wenye kidole kifupi. Nilimuuliza kama ataweza.

"Kusukuma mboga?" alisema. "Amenisukumia maisha yangu yote. Naijua."

Mama Asnath aliniachia mkono nipime kovu. Milimita ishirini na tisa. Peniel alikuwa na wanja na rangi ya midomo, akajaribu kulichora kwenye mkono wa Belinda. La kwanza lilikuwa jekundu mno. La pili lilifanana na kinyonga. Walikubaliana kujaribu tena asubuhi, kwenye mwanga mzuri.

Sahani aliiosha mama mwenyewe. Hakukubali tumsaidie. Aliisugua kwa majivu, akaisuuza mara mbili, akaiinamisha juu ya kichanja. "Kisibaki changu humo," alisema. Kesho, ikifika saa tisa, angekwenda kwa dada yake ng'ambo ya barabara, akae huko hadi Alphonce amalize kula.

Simu ilitetemeka. Jenifa wa Itigi aliuliza kundini kama aangalie orodha, kama tukio la thelathini na moja limepata alama ya vema.

Redempta alinitazama. Nikaandika: *Bado. Nusu.*

"Na wewe," nikamuuliza Redempta, "unadhani wataliona?"

"Bakuli?"

"Mama na mwanawe."

"Sijui, Shukuru." Alikuwa amelikunja shati la Alphonce na analitazama doa la mlenda kwenye pindo la mkono. "Hili lisifuliwe. Kesho doa liwepo."

Niliandika: *doa, pindo la kulia, lisifuliwe.*

Kuku walikuwa wanaanza kurudi uani, na upepo ulikuwa haujatulia. Niliazima mabeseni mawili, nikayafunika juu ya alama zangu za chaki, moja upande wa mama, moja upande wa mwana, nikaweka jiwe juu ya kila beseni. Kuku mmoja alipanda juu ya lile la upande wa mwana, akatazama huku na huku, akatulia. Nilimwacha. Ukingo wa beseni ulikuwa umeshika vizuri, na chini yake chaki ilikuwa salama hadi kesho saa kumi na dakika ishirini.